Kijana Anapowaka Nyumbani: Kabla ya Hasira, Wakati Wake na Baada Yake

Nyumba nyingi zenye kijana wa miaka 13 hadi 18 zinazijua jioni za namna hii. Mtoto aliyekuwa mcheshi alipokuwa darasa la tano sasa anaitika kwa kuguna. Ukimuuliza habari za shule, anasema "kawaida". Ukimkumbusha vyombo, uso unamkunjamana. Ukirudia mara ya pili, mlango unabamizwa. Neno dogo limekuwa ugomvi, na watu wanalala wamenuniana. Shangazi anasema ni jeuri, jirani anasema ni simu, babu anasema enzi zao fimbo ingekuwa imeshamaliza maneno. Mzazi anabaki katikati, hajui ashike la nani.

Nina jambo moja la kuwaambia wazazi na walezi, na yote yatakayofuata yanatoka humo. Kustahimili maudhi ni ujuzi, na hufundishwa kama upishi unavyofundishwa: kidogo kidogo, kwa kuona, kwa kujaribu na kuunguza. Mwalimu wake wa kwanza ni yule mtu mzima anayebaki na sauti ya kawaida wakati kijana amepaza yake. Somo lenyewe halishiki ugomvi ukiwa umewaka. Linashika kabla na baada, na huko ndiko wengi wetu hatuendi.

Mwilini mwake kuna nini

Shirika la Afya Duniani huhesabu kipindi cha balehe na ujana wa mwanzo kuwa miaka 10 hadi 19. Katika miaka hiyo homoni huongezeka, mwili huchukua umbo jipya, na ubongo nao hujipanga upya. Sehemu za ndani za ubongo zinazopokea hofu, hasira na furaha, mojawapo ikiitwa amigdala, huwa na nguvu mapema. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima matokeo, inayouzuia ulimi na kuahirisha jibu. Hiyo huendelea kukomaa mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Kwa hiyo kijana wa kidato cha pili huhisi hasira kwa ukubwa wa mtu mzima, ilhali uwezo wa kuidhibiti bado unakua.

Hilo halimpi ruhusa ya kutukana. Linatueleza tu kwa nini kumpigia kelele "jiheshimu!" akiwa amefura hakuzai kitu. Ile sehemu ya ubongo ambayo ingelifanyia kazi neno hilo ndiyo iliyozidiwa wakati huo. Neno lilelile, likisemwa saa mbili baadaye akiwa ameshiba na ametulia, linaingia.

Kisha kuna usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani wanapendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Balehe yenyewe huisogeza mbele saa ya mwili: melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka usiku zaidi kuliko ilivyokuwa utotoni. Kijana anaposema saa tatu usiku kwamba hana usingizi, mara nyingi anasema kweli. Sasa mtazame mwanafunzi wa kutwa wa mjini. Anaamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala, anamaliza vipindi, anakwenda twisheni, anarudi na kazi za shule, anashika simu kidogo, analala saa sita usiku. Amelala saa tano. Kila usiku amepungukiwa saa tatu, na ifikapo Ijumaa upungufu wa wiki umefika saa 15. Ukimwona Ijumaa jioni analipuka kwa neno dogo, hesabu kwanza usingizi wake kabla ya kuhesabu makosa yake.

Njaa nayo ina sehemu yake. Aliyekunywa chai ya rangi asubuhi na kula andazi mchana hawezi kufika nyumbani na moyo mpana. Mpe chakula kwanza, maswali yafuate. Kwa wasichana, siku zinazotangulia hedhi huweza kuleta maumivu na wepesi wa kukasirika, na kama taulo za kike ni za kubahatisha, wasiwasi unaongezeka juu ya maumivu. Mama au dada mkubwa anayejua tarehe zake, na akawa na pedi tayari bila kutangaza, amezuia ugomvi ambao hakuna atakayejua ulikuwa njiani.

Kinachomuudhi hasa

Mwaka 1939 John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa kitabu kilichodai kwamba ugomvi huzaliwa pale mtu anapozuiwa kulifikia lengo lake. Miaka 50 baadaye, mwaka 1989, Leonard Berkowitz aliirekebisha hoja hiyo. Kuzuiwa huleta maudhi, alisema, na maudhi hayo ndiyo yanayosukuma kwenye ugomvi. Na mtu huudhika zaidi anapoona amezuiwa kwa makusudi au kwa uonevu. Mzazi asiliache rekebisho hili lipite. Kijana anaweza kuibeba "hapana". Inayomlemea ni "hapana" anayoiona ya uonevu, isiyo na sababu, au iliyotamkwa mbele za watu.

Tazama mifano ya majumbani kwetu. Baba aliahidi mchango wa ziara ya shule, pesa zikakosekana, na mtoto akaambiwa asubuhi ya siku ya safari. Kaka na dada wanatoka shule moja, saa moja. Kaka anakaa kutazama mpira, dada anaingia jikoni, na akilalamika anaambiwa ana mdomo. Mama anamwambia mwanawe kwamba binamu yake amepata divisheni wani, "wewe na yeye mnakula chakula tofauti?" Mjomba amekuja kusalimia, na aibu za kijana zinamwagwa sebuleni. Katika kila tukio hapo, hasira ya kijana imebeba hoja. Namna anavyoitoa hoja inaweza kuwa mbaya, lakini tukiitupa hoja pamoja na makelele, tunamfundisha kwamba hakuna njia ya adabu inayosikilizwa.

Mengine hatayasema. Anaonewa bwenini. Amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, mbele ya darasa zima. Ameachwa na mpenzi ambaye nyumbani hawamjui. Wenzake wamefungua kikundi cha WhatsApp na yeye hayumo. Anaingia mlangoni na mzigo huo, anakutana na swali la vyombo, na vyombo ndivyo vinavyopokea hasira yote.

Kwa hiyo, kabla hujabadilisha chochote, andika. Kwa wiki mbili, kila anapolipuka, weka mambo manne kwenye daftari au kwenye simu: ilikuwa saa ngapi, nini kilitangulia, nani alikuwapo, na iliishaje. Usimwonyeshe, wala usilitumie kama jalada la mashtaka. Wazazi wanaofanya hivi huona mpangilio ambao hawakuutarajia. Labda karibu kila tukio liko katika nusu saa ya kwanza baada ya kurudi shuleni, au hutokea mbele ya mdogo wake, au hufuata siku ya mtihani wa hesabu. Ukishauona mpangilio, nusu ya kazi unaweza kuifanya bila kumgusa kijana: unahamisha muda wa kutoa maagizo.

Mtego wa makelele

Chukua jioni moja. Ni saa kumi na mbili na nusu. Umeme umekatika tangu mchana. Kijana wa miaka 15 amekaa kwenye kochi, simu imebaki asilimia 6, anangoja wenzake wamtumie maswali ya hesabu ya kesho. Mama anaingia kutoka kazini, mkoba bado begani, anaona ndoo zimekauka.

"Hivi kazi yako wewe ni simu tu? Nenda kachote maji."

"Nakuja."

"Nimesema sasa hivi!"

Kijana anasonya.

"Unamsonya nani?"

"Sijamsonya mtu."

"Kwa hiyo mimi kiziwi?"

Sauti zinapanda. Kijana anarusha mto wa kochi, anaingia chumbani, mlango unalia paa. Mama anabaki amesimama, kisha anabeba ndoo mwenyewe na kulalamika mpaka bombani.

Gerald Patterson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Oregon nchini Marekani, alizichunguza familia katika maisha yao ya kila siku na kuueleza mzunguko huu kwa makini. Kila mmoja hapo amelipwa. Kijana alipaza sauti, na kazi ikamwondokea. Mama aliacha kudai, na makelele yakakoma. Nafuu hiyo ya papo hapo ndiyo inayowafunza wote wawili kurudia. Siku nyingine mama hatakubali kushindwa, atapaza zaidi, na kijana akinyamaza siku hiyo, mama naye atakuwa amejifunza kwamba sauti kubwa ndiyo inayofanya kazi. Miezi ikipita hivyo, nyumba inabaki na lugha moja tu.

Ili kuutoka mtego huu, mambo mawili lazima yaende pamoja: sauti ishuke, na agizo libaki palepale. Mzazi mkali hushikilia agizo akaisahau sauti. Mzazi anayeogopa ugomvi hushusha sauti, akaliacha na agizo lianguke. Kijana anahitaji yote mawili kutoka kwa mtu yuleyule, jioni ileile.

Turudi kwenye ndoo. Mama anatua mkoba, anasalimia, anakunywa maji. Kisha: "Mwanangu, ndoo hazina maji na nataka kubandika chakula. Malizana na hao wenzako, ndani ya dakika kumi uwe umekwenda." Kijana anasonya. Mama halikimbilii lile sonyo, litazungumzwa usiku. "Naona umekereka. Maji bado yanahitajika. Dakika kumi." Kisha anakwenda jikoni, asisimame juu ya kichwa chake. Dakika kumi zikipita bila ndoo kusogea, sharti lililokubaliwa tangu siku za utulivu ndilo linalosema: simu inakaa kwa mama mpaka maji yafike. Hakuna hotuba. Mara ya kwanza na ya pili kijana atajaribu kupaza zaidi, kwa sababu makelele yalikuwa yakimlipa. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa, nao wamebakiza hatua chache.

Moto ukiwa umewaka

Ugomvi ukishaanza, kazi yako ni kuuzuia usikue. Mafunzo yangoje.

Punguza maneno. Sentensi fupi mbili zinatosha, na ukizirudia, zirudie kwa maneno yaleyale. Punguza watu: wadogo zake watoke, mgeni akaribishwe barazani, kwa sababu kijana anayetazamwa hupigania heshima yake na hatarudi nyuma. Mpe nafasi ya kuondoka. Usizuie mlango, usimnyang'anye kitu mkononi, usimfuate chumbani ukiendelea kusema. Usifukue ya mwaka jana. Na adhabu usiitamke ukiwa umekasirika, maana "hutoki ndani ya nyumba hii mpaka mwaka uishe" ni ahadi usiyoweza kuitimiza, na kijana anajua.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Watafiti Ming-Te Wang na Sarah Kenny walizifuatilia karibu familia 1,000 za Pennsylvania, Marekani, na matokeo yao yakatolewa kwenye jarida la Child Development. Vijana waliokuwa wakifokewa, kutukanwa na kudhalilishwa kwa maneno wakiwa na miaka 13 walionyesha utundu zaidi na dalili zaidi za sonona mwaka uliofuata. Upendo ambao wazazi haohao waliuonyesha nyakati nyingine haukuyafuta madhara hayo. "Mpumbavu", "hufai", "umerithi kwa ukoo wa baba yako": maneno haya husemwa kwa sekunde moja, na mtoto huyabeba mpaka ukubwani.

Fimbo nayo inaweza kunyamazisha chumba. Haimwonyeshi kijana afanye nini kesho akiudhiwa tena, na inamthibitishia kwamba mwenye nguvu akikasirika hupiga. Kwa kijana wa kiume anayekaribia kumzidi baba kimo, somo hilo ni la hatari kwa mdogo wake, kwa mkewe wa baadaye na kwa baba mwenyewe.

Ikiwa anavunja vitu au anapiga watu, usalama unatangulia yote. Toa wadogo, ondoa vyenye ncha, jiepushe, umwite mtu mzima anayemheshimu. Nguvu za kupambana naye usizitafute.

Mazungumzo ya baadaye

Mwili uliopandwa na hasira hautulii mara moja. Subiri nusu saa au zaidi, wakati mwingine mpaka baada ya chakula cha usiku, lakini usilale na jambo hilo siku tatu. Chagua mahali ambapo hamtazamani uso kwa uso: mnapochambua mchicha, mnapotembea kwenda dukani, mnapofua. Kijana husema mengi zaidi macho yake yakiwa na pa kwenda.

Anza kwa kusikiliza. "Jioni ilikuwa ngumu. Ilikuwaje upande wako?" Kisha nyamaza kweli. Akisema jambo la haki, mpe haki yake: "Ni kweli, sikukuuliza ulikuwa unafanya nini kwenye simu." Baada ya hapo weka mpaka bila kuumumunya: "Kukasirika unaruhusiwa. Kunisonya na kurusha vitu, hapana. Wakati mwingine niambie, mama nipe dakika tano, nami nitakupa." Hatimaye kuna kurekebisha. Kilichotupwa kiokotwe, kilichovunjwa kichangiwe kutoka kwenye posho yake, mdogo aliyetishwa aombwe radhi. Adhabu ikihitajika iwe ndogo, ihusiane na kosa na iishe mapema. Jioni moja bila simu inafundisha. Mwezi mzima bila simu unafuga kinyongo, na siku ya pili tu mzazi hana kitu kingine cha kushika.

Kama wewe ndiye uliyetamka neno lisilofaa, omba radhi kwa kulitaja kosa lenyewe: "Nilikuita mpumbavu. Sikupaswa." Wapo wanaoogopa kwamba kumwomba mtoto radhi kunashusha heshima ya mzazi. Kijana aliyeombwa radhi na baba yake ameonyeshwa, kwa vitendo, mtu mzima anavyorudi baada ya kukosea. Hakuna mahali pengine atakapojifunza hilo vizuri zaidi.

Mazoezi ya kustahimili

Siku za utulivu ndizo za mazoezi. Haya ndiyo ningeanza nayo.

La kwanza ni kuitaja hisia. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba watu wanapoipa jina hisia wanayoiona usoni mwa mtu pichani, shughuli za amigdala hupungua. Mzoeze kijana kutofautisha: nimeudhika, nimeaibika, nimechoka, ninaona wivu, nimevunjika moyo. Anayesema "nimeaibika kwa alama zangu" hahitaji kupiga teke mlango ili ajulikane ana nini. Mzazi aanze yeye: "Leo nimevunjika moyo, nilitarajia malipo hayakuja." Watoto huiga yale wanayoyasikia nyumbani.

La pili, achaneni na ushauri wa kutoa hasira kwa kupiga mto au ukuta. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliokasirishwa walipiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote. Kukimbia, kucheza mpira, kufagia uwanja ni vizuri kwa mwili, ilimradi akili isiendelee kumtafuna yule mtu.

La tatu, pumzi. Kuvuta hewa puani kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, mara kumi. Lifanyeni pamoja kabla ya kulala, ili siku ya hasira mwili uwe umeshalizoea.

La nne ni kuondoka kwa kuaga. Kubalianeni maneno mafupi, kama "nipe dakika kumi", ambayo mtu yeyote nyumbani akiyatamka anaachwa, na ambayo yanamlazimu arudi muda ukiisha. Mzazi naye ayatumie. Nyumba ambayo baba husema "nipe dakika kumi" badala ya kufoka haihitaji mahubiri.

La tano, mpe magumu yenye mwisho. Apike pilau peke yake kwa mara ya kwanza, atengeneze baiskeli iliyokatika mnyororo, alime tuta lake la mboga, ajifunze wimbo kwenye kinanda. Atakwama, atakereka, atataka kuacha. Kaa karibu, usimfanyie. Muulize, "Umejaribu nini? Kipi kimebaki?" Akimaliza, sifia alichokifanya hasa: "Wali ulipoungua chini ulipunguza moto, hukukimbia." Mtoto anayeokolewa kila anapokwama hufika miaka 17 bila kujua kwamba maudhi hupita.

Mazoezi ya aina hii hayahitaji kusubiri daktari bingwa. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri ulioanzishwa na Tom Osborn na wenzake uliwatumia vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Walizungumzia shukrani, maadili ambayo kila mmoja anayathamini, na imani kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua. Jaribio lililohusisha wanafunzi 413 lilichapishwa mwaka 2021, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Mwalimu wa malezi anayesoma hapa ana pa kuanzia.

Na masharti ya nyumba yapangwe pamoja. Jumapili baada ya chakula, nusu saa: simu zote, za wazazi zikiwamo, zinachajiwa sebuleni kuanzia saa tatu na nusu usiku, kazi za ndani zinagawanywa kwa kaka na dada sawasawa, maagizo ya jioni yanatolewa baada ya kula. Sharti alilolichangia hataliona la uonevu hata likimkera.

Mtu wa tatu

Wazee wetu hawakumwachia mzazi peke yake kazi hii. Pwani, binti aliyevunja ungo alikuwa na somo wake, mtu mzima asiye mama yake, wa kumwambia yale yasiyosemeka kwa mama. Mahali pengi unyago na jando viliwapa vijana walimu wao. Babu na bibi wana utani na wajukuu, na ndani ya utani huo onyo kali hupita bila kujeruhi. Familia nyingi za mjini leo zimebaki na baba, mama na mlango uliofungwa.

Mtafutie kijana mtu wa tatu, na yeye mwenyewe akubali: mjomba, shangazi, kocha, mwalimu, mlezi wa kwaya au wa madrasa. Awe mtu mliyemjua kwa muda mrefu na mnayemwamini kwa usalama wa mtoto. Usimgeuze mpelelezi wako. Siku kijana atakapogundua kwamba maneno yake yanarudi nyumbani, mlango huo utafungwa. Lililo la hatari tu ndilo lifike kwenu, na kijana aambiwe hivyo tangu mwanzo. Wazazi nao wajifunze kwa pamoja. Nchini Tanzania mpango wa Furaha Teens uliwakutanisha wazazi na vijana wao katika vikundi, na makumi ya maelfu ya watu walishiriki. Vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA, jumuiya ndogondogo na kamati za shule vinaweza kufanya hivyo kwa mada moja kila mwezi.

Hasira inapoficha ugonjwa

Kuna hasira inayohitaji zaidi ya malezi mema. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani unaeleza kwamba kwa watoto na vijana, sonona inaweza kuonekana kama wepesi wa kukasirika badala ya huzuni. Tunatafuta machozi, kumbe mgonjwa anafoka. Mwongozo huo tangu mwaka 2013 unatambua pia tatizo la milipuko mikali ya hasira inayotokea mara tatu au zaidi kwa wiki, kwa mwaka mzima au zaidi, huku katikati yake mtoto akibaki mwenye kukereka karibu siku zote.

Tafuta msaada ikiwa kwa wiki mbili au zaidi kijana ameacha marafiki na michezo aliyoipenda, usingizi au kula kumebadilika sana, au alama zimeporomoka. Usingoje wiki mbili ikiwa anajikata, anatumia bangi au pombe, anapiga watu, au anasema maneno kama "bora nisingezaliwa". Kijana aliyebadilika ghafla, akawa mkali na anamkwepa mtu fulani, huenda anafanyiwa ukatili. Mwamini kwanza, mlinde, kisha toa taarifa. Na ukihofia anawaza kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakupandi wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kituo cha afya au hospitali ya wilaya ndiyo hatua ya kwanza, nao wanaweza kumpa rufaa kwenda kwenye hospitali zenye wataalamu wa afya ya akili, kama Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania au Mathari kwa Kenya. Katika nchi zote mbili, namba 116 ni simu ya bure ya msaada kwa mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Maombi na dua viendelee, tiba isicheleweshwe.

Neno kwa kijana mwenyewe

Ikiwa unasoma hapa na wewe ndiye unayewaka, hasira yako haikufanyi mtoto mbaya. Mara nyingi inakuambia kwamba kuna jambo halijakaa sawa. Lakini jambo hilo haliwezi kusikika chini ya matusi. Chagua mtu mzima mmoja na saa moja tulivu, umwambie sentensi tatu: lililotokea, lilivyokuumiza, na unachoomba. Akikataa mara ya kwanza, jaribu kwa mwingine. Lala mapema usiku mmoja, utaona tofauti asubuhi yake.

Wiki hii

Mzazi, usijaribu kuyafanya yote kwa pamoja. Chagua ugomvi mmoja unaojirudia zaidi nyumbani kwako, uupangie muda mpya, maneno mapya na sharti moja, kisha ushikilie kwa mwezi mmoja. Usitarajie kimya. Kijana mzima wa afya ataendelea kubisha, na ni vizuri abishe. Pima mambo matatu tu: je, milipuko imekuwa mifupi kuliko mwezi uliopita? Je, imepungua kwa wiki? Na je, baada yake anarudi mwenyewe, akaokota alichotupa, akasema "mama, samahani"? Hilo la tatu likianza kutokea, hata mara moja kwa majuma mawili, ujue somo limeshika, nawe endelea.